Miss Natalie wa Kota za Reli

Nangila alikuwa amezama mkono mzima ndani ya rundo la blauzi za mitumba, sokoni Nakuru, simu ilipolia. Akaipokea, na sauti iliyomtoka ilimfanya hata muuzaji anyamaze.

"Hi, Jerry! Natalie speaking!"

Maneno yalipitia puani yakitembea kwa madaha. Alipokata simu, mwanamume aliyekuwa akijaribu koti upande wa pili alikuwa akimtazama. Alikuwa mrefu, buti zake zimejaa vumbi jeupe la Olkaria.

"Niaje, Natalie. Baridi ya Chicago inaendeleaje?"

"Naitwa Nangila. Na hiyo koti imekubana, boss."

"Koti iko sawa. Ni kifua kimejaa ghafla."

Alicheka kabla hajajizuia. Mwanamume huyo aliitwa Oduor, fundi wa mabomba ya mvuke kwenye mitambo ya umeme ya Olkaria, Naivasha, na hadi jioni namba yake ilikuwa kwenye simu ya Nangila.

Nangila alifundisha Kiingereza kwa kompyuta, wanafunzi wakiwa ng'ambo. Kampuni iliwaambia kwamba walimu wote ni Wamarekani. Ilimpa jina, lafudhi, na kibendera cha kutundika ukutani. Basi kila mchana, kuanzia kiunoni kwenda juu, alikuwa Natalie mwenye blauzi iliyopigwa pasi. Chini alikuwa Nangila mwenye leso na ndara.

Miezi minne Oduor alimtania kwenye simu.

"Niko kwa elevator, babe," Nangila angesema, ulimi wa Natalie ukimponyoka.

"Lift, mama. Hapa ni lift. Nani anakulipa hiyo overtime?"

Alimpenda kwa sababu hiyo. Kwa Oduor peke yake hakuwa na haja ya kuangalia ulimi wake.

Siku ya balaa ilikuwa Jumamosi. Alikuwa na somo na Kenji, mhandisi wa Japani, mtu mpole anayeandika kila neno.

"Mwalimu, mwezi ujao naenda kufanya kazi Kenya, Naivasha," Kenji akasema. "Watu wa huko wanaongeaje Kiingereza?"

Jerry, msimamizi wake, angeweza kusikiliza somo lolote wakati wowote.

"Sijui, Kenji," akajibu kwa pua ya Natalie. "Sijawahi kufika Afrika."

"Na huyo nyuma yako ni nani?"

Nangila akageuka. Oduor alisimama mlangoni, shati jipya, mikononi shada la waridi kutoka Naivasha. Alikuwa amekuja bila kusema, amfurahishe.

"Si mtu," Nangila akasema haraka. "Ni fundi tu, amekuja kutengeneza stima."

Oduor alisoma Kiingereza shuleni kama yeye, akaelewa kila neno. Akaweka waridi juu ya meza ya jikoni na kufunga mlango polepole.

Hakupokea simu tena. Ulikuja ujumbe mmoja tu: "Mimi ni fundi wa stima. Tafuta wa kwenu Chicago."

Nangila alilia hadi macho yakavimba, kisha akakasirika. Alikitazama kile kibendera. Babu yake aliongoza treni miaka thelathini kwa Kiingereza cha kota za reli, zile nyumba za wafanyakazi alimokulia Nangila, na hakuna behewa lililopotea kwa sababu ya lafudhi. Nani aliwapa hawa watu hatimiliki ya Kiingereza?

Jumanne akatoa kibendera, akavaa kitenge chekundu, akawasha kamera.

"Kenji, jina langu ni Nangila. Nimezaliwa Nakuru, na ndipo nilipo. Nilikudanganya. Leo ninakufundisha Kiingereza cha mahali unapokwenda."

Maandishi ya Jerry yakaruka kwenye skrini: ACHA SASA HIVI. Nangila akaendelea. Lift ni lift, si elevator. Nyuma ya gari, pa kuwekea mizigo, ni boot. Gari la mizigo ni lorry. Mtu akisema "I'm coming" huku anaondoka, msubiri, atarudi.

"Na huko si kukosea," akasema. "Ndivyo tunavyoongea."

Kenji aliandika kila neno. Nangila akamtajia namba yake ya simu kwa sauti, tarakimu baada ya tarakimu, mpaka skrini ikazimwa. Kazi ikaishia hapo.

Kesho yake jioni alisimama Naivasha, pale basi la wafanyakazi linaposhusha. Oduor alishuka, akamwona, akampita.

"Oduor! Nimefutwa kazi."

Akasimama. "Kwa nini?"

"Nilimwambia Kenji, yule mwanafunzi wangu, kwamba lift ni lift."

Oduor aliuma mdomo, kicheko kisimtoke.

"Kazi siijutii," Nangila akasema. "Kukukana ndiko ninakojutia. Niliogopa, na uoga wangu ukakuumiza. Nisamehe."

Kabla hajajibiwa, simu ikalia. Ilikuwa video, Kenji akitabasamu.

"Mwalimu Nangila! Wenzangu wanne pia wanakuja Kenya. Wanakutaka wewe." Akasogeza uso karibu. "Na huyo nyuma yako ni nani?"

Oduor akajitoa kwenye picha upesi, kama mtu aliyeunguzwa mara moja. Nangila akamshika mkono wa ovaroli akamrudisha katikati.

"Huyu ni Oduor," akasema kwa Kiingereza chake, cha kota za reli, watu wa steji ya basi wakigeuka. "Ndiye mwanaume ninayetaka kuolewa naye, akikubali."

Oduor akaitazama ile simu, kisha akamtazama yeye.

"Mwambie nimekubali," akasema. "Na mwambie sijui kutengeneza stima. Mimi ni wa mabomba."