Dakika Nne za Baba

Kopo la biskuti lilianza kukwaruza siku ya tatu baada ya kompyuta kutengenezwa, Alhamisi alasiri, Wening akiwa anakunja kurasa za vitabu vya Yasini. Alidhani ni panya. Akalifungua: vifungo, sindano, na ile prosesa na diski kuukuu zilizotolewa kwenye kompyuta ya marehemu baba yake. Diski haikuwa na waya wowote. Alipoigusa, ilikuwa ya moto.

Pale Klaten, kisiwani Java, familia ikifikisha arobaini ya maiti wake, au siku ya mia, au ya elfu, wageni hupewa kitabu cha Yasini, sura ya Kurani wanayosomewa wafu, chenye picha, jina na tarehe ya marehemu. Pak Suwito, baba yake Wening, alivichapa vitabu hivyo miaka kumi na sita kwa kompyuta ileile. Majina mia saba na zaidi yalikuwa ndani yake, na hakufuta hata moja. Kila asubuhi kompyuta ilichukua dakika nne kuamka, na dakika hizo nne mzee alikaa mikono magotini, midomo ikicheza.

"Baba yako anaisengenya mashine," alizoea kusema mama yake, Bu Lasmi.

Hakuwa akisengenya. Kabla ya kufa alimwambia Wening: "Usiiwashe bila kuwasomea Fatiha wenye majina haya. Wakati inaamka, wewe soma."

Wening alisoma mwaka mzima. Kisha kazi zikazidi, mashine ikawa inaganda kila mara, akamwita binamu yake Tejo, ambaye ni fundi.

"Dada, hii kompyuta waliiacha Waholanzi wa enzi za ukoloni?" Tejo alicheka. Alipangusa dawa ya kupunguza joto la prosesa, iliyokauka kama udongo, akachomoa prosesa, akapachika nyingine yenye nguvu mara mbili, akanakili kila kitu kwenye diski mpya isiyozunguka wala kulia. Akabonyeza. Sekunde tisa. "Haya! Hata bismillahi hujamaliza."

Kweli hakuimaliza. Kesho yake hakuianza.

Sasa, kopo likiwa wazi mkononi, alisikia harufu ya maua ya kaburini na udongo uliochimbwa punde. Kioo cha kompyuta kiliwaka chenyewe. Kilionyesha jalada la kitabu cha Yasini, na kwenye jalada picha ya Bu Lasmi, amejitanda mtandio wa kijani alioununua sokoni asubuhi ile na ambao hakuna aliyempiga picha nao, na chini ya picha jina lake lote, na chini ya jina tarehe, Ijumaa Kliwon, siku ya kuogopwa katika kalenda ya Kijava, ambayo ni kesho kwa mtu anayehesabu kwa saa, lakini kwa watu wa mtaa ule Ijumaa huingia Alhamisi jua likizama, na jua lilikuwa tayari limefika kwenye mapaa, na jikoni mama yake, aliyeamka mzima, alikuwa ameanza kukohoa.

Printa ikavuta karatasi ya kwanza.

Wening alichomoa waya wa printa, akakimbilia kwa jirani, Mbah Darmin, mzee anayeosha na kuzika maiti wa mtaa. Mzee alikuja naye, akaitazama picha, hakuisogelea.

"Hao waliomo humo si maiti," alinong'ona. "Maiti wamepumzika. Kila mtu ana jini wake, anayemfuata tangu kuzaliwa. Mwenyewe akifa, yule hana pa kwenda. Huja pale jina linapotunzwa. Baba yako aliwatuliza kabla mlango haujafunguka. Wewe unaufungua ghafla, wamekaa na njaa."

"Nitawasomea sasa hivi, Mbah."

"Wameshatoka. Rudisha mashine kama alivyoiacha yeye. Kabla jua halijazama."

Tejo, aliyepigiwa simu, alifika na pikipiki, viatu hata hakuvua.

"Diski tu inatosha," alisema kwa sauti ya chini. "Prosesa haina jina la mtu."

"Vyote," alisema Mbah Darmin.

Tejo alirudisha prosesa na diski kuukuu, akaangusha skrubu mbili kwa haraka. Kila mama alipokohoa, printa isiyo na waya ilisogeza karatasi kidogo. Wening alibonyeza swichi huku mwadhini akipima kipaza sauti. Diski kuukuu ikalia, krr, krr, taratibu. Akasoma. Dakika ya kwanza kikohozi kilipasua ukuta. Ya pili kikapungua. Ya tatu akasikia nyuma ya kiti pumzi za watu wengi, baridi shingoni mwake, na hakugeuka. Ya nne kioo kikafunguka, kitupu, bila jalada, na adhana ikaita.

"Mwanangu," Bu Lasmi aliuliza mlangoni, "nani wote hawa waliopita jikoni?"

Diski mpya waliizika ndani ya kitambaa cheupe. Ijumaa ikapita.

Tejo hataji tena neno 'haraka' nyumbani humo. Wateja hulalamika, Wening hucheka, husema mashine ni ya Waholanzi.

Lakini wiki iliyopita, akiwa kwenye Fatiha ya kumi na moja, alisahau hesabu akanyamaza. Diski nayo ikanyamaza, kama mtu aliyeinua kichwa kusikiliza. Jikoni, Bu Lasmi akakohoa.

Wening akaanza upya.