Hema Lisilomwagiwa Maji

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nasma humsaidia baba yake, Mzee Abdulmalik, kupanga maturubai na mahema mbele ya duka lao Kariakoo. Dukani kwao hema halitoki hivihivi. Ndani hutandazwa boksi, juu humwagwa maji, kisha boksi hukaguliwa. Likiwa kavu, hema ni zima.

Klabu ya wanyamapori ya shuleni kwao ilikuwa inaenda kupiga kambi kwenye hifadhi ya taifa yenye mabwawa, viboko na ndege wa majini. Baba akakubali kuwaazima wasichana hema, akamwachia Nasma kazi ya kulijaribu juu ya paa la ghorofa. Lakini nani apandishe ndoo ngazi zote zile? Nasma alikaa kivulini akala ubuyu wake, akashuka na kusema halivuji. Baba akamwamini.

Siku ya safari, basi likiwa limeshawashwa, mama wa Celina, rafiki yake Nasma, alimkabidhi Mwalimu Polycarp, mlezi wa klabu, dawa ya kuvuta ya binti yake mwenye pumu. Alimsihi sana mtoto asilowe wala kupigwa na baridi. Celina ndiye aliyepangiwa kulala na Nasma kwenye hema hilo. Nasma akakumbuka kwamba hakulijaribu. Akisema, huenda akaachwa. Akinyamaza, rafiki yake ataugua.

Akamfuata baba yake, aliyekuja kumsindikiza.

"Baba, nisamehe. Lile hema sikulimwagia maji. Nilikudanganya."

Mzee Abdulmalik hakugomba. Hema likasimamishwa palepale, likamwagiwa maji, na boksi likalowa chapachapa. Wanafunzi wakanuna kwa kucheleweshwa, naye baba akapanda bodaboda kwenda dukani kuleta jingine. Hilo likajaribiwa mbele ya wote. Kavu kabisa. Jamani, Nasma alishusha pumzi!

Kambini, mvua ilishuka alfajiri kama imetumwa. Celina aliamka mkavu, analalamika njaa tu. Baadaye walikaa kwenye banda la kutazamia wanyama pamoja na askari wa hifadhi, wakiwaangalia viboko wakipiga miayo na korongo wakivua samaki.

Mwalimu Polycarp akaketi karibu na Nasma.

"Ulidanganya kwa uvivu, na hilo ni kosa," alimwambia taratibu. "Lakini ulisema kweli mapema. Kazi usiyoifanya, sema hujaifanya, maana kuna mtu anaitegemea. Ungenyamaza jana, sasa hivi tungekuwa tunamkimbiza Celina hospitali, siyo tunatazama viboko."