Kengele ya Baba Mkubwa Jérôme

Kila Jumamosi, kabla jua halijawa kali, Divine alifagia uwanja, akateka maji, akampelekea nyanya yake, Koko Joséphine, chai ya moto. Kisha aliosha baiskeli ya baba yake. Kazi hiyo hakuagizwa na mtu, aliipenda tu. Siku nyingine zote Papa Édouard aliitumia kubebea makaa hadi soko la Alunguli, lakini Jumamosi ilikuwa ya Divine. Baiskeli ilikuwa na kila kitu isipokuwa kengele, na jambo hilo lilimuuma msichana huyo wa miaka kumi na miwili kama jino bovu.

Nyuma ya mlango wao uliegemea msalaba wa mbao ngumu. Papa Édouard aliuchonga kwa ajili ya kaka yake, Jérôme, aliyefariki miaka ya vita. Alizikwa wapi? Divine hakujua. Swali hilo halikuulizwa nyumbani, maana lingemliza Koko siku nzima.

Jumamosi hiyo Divine aliaga kwamba anakwenda mazoezi ya korali. Uongo mtupu! Yeye na Mardochée, mwanafunzi mwenzake, walipakia baiskeli katika mtumbwi wa Papa Youssouf, mvuvi jirani yao, wakavushwa hadi kisiwa kidogo katikati ya mto Lualaba.

"Nitawafuata nikimaliza kutega nyavu," alisema mvuvi. "Musiharibu kitu."

Kisiwa kilikuwa kimya. Hapakuwa na nyumba, redio wala pikipiki. Walipokezana baiskeli kwenye vijia vyembamba, wakianguka majanini na kucheka. Mara wakakuta mafiga matatu yaliyozingirwa na nyasi, na vipande vya chungu. Kicheko kikawakauka.

"Watu walijificha hapa wakati wa vita," alinong'ona Mardochée. "Mama alinielezea."

Lakini macho hayana pazia, na ya Divine yalikuwa yameshafika kwingine. Kwenye shina la mti mmoja ilining'inia kengele ya baiskeli, imefungwa kwa waya uliokwisha kumezwa na gome.

"Iache, Divine! Muntu hafungi kengele ku muti bure."

"Mwenyewe iko wapi? Mimi simuoni."

Akachokonoa gome kwa jiwe mpaka waya ukakatika.

Alasiri, baada ya kusuguliwa kwa mchanga na mawese, kengele ilikubali kulia. Ililia mara moja kwa nguvu, kisha ikakwaruza. Divine hakujali. Aliingia uwanjani kwao juu ya baiskeli, akiipiga kwa madaha.

Koko alikuwa akipepeta mchele. Ungo ukamponyoka, kuku wakaukimbilia mchele, naye hakuwatazama. Alikuwa amesimama, yeye ambaye siku zote huinuliwa kwa kushikwa mkono.

"Jérôme?" aliita.

Papa Édouard alikuja mbio akamshika. Koko aliinyoshea kengele kidole.

"Hii njo kengele ya mwana wangu," alisema. "Ilianguka ku reli, tangu siku ile ikalia hivi. Vita ilikata njia zote, yeye alibeba chumvi na kinga, ile baiskeli yake, mpaka Kindu. Nilikuwa nikiisikia, napakua chakula. Mutoto, umeitoa wapi?"

Hapo ndipo Divine angesema kweli. Lakini kweli ingefichua safari, korali, kila kitu.

"Nimeiokota ku kando ya mto, Koko. Maji njo iliitupa pale."

Koko aliweka mikono kichwani. "Basi mto umemubeba! Édouard, mto umemubeba kaka yako!"

Ndipo Divine akasikia habari ambayo hakuwahi kusimuliwa. Wakati wa vita Koko na Jérôme walikimbilia kisiwani, homa ikamshika Jérôme, na dawa haikuwepo. Koko alimzika chini ya mti, akafunga kengele juu yake ili siku moja apatambue. Kila mwaka alisema atakwenda, na kila mwaka moyo ulimkatalia.

"Toa ule musalaba," alimwambia mwanawe. "Musalaba bila kaburi ni kuni tu."

Jioni ile Koko hakula, wala kesho yake. Njia ya mwongo ni fupi, husema wazee, lakini kwa Divine ilikuwa ndefu kupita kiasi. Kila sahani iliyorudi jikoni imejaa ilimkata maini. Mwishowe akapiga magoti mbele ya Koko.

"Mto haukumubeba. Njo mimi nilitoa kengele ku muti. Nilienda ku kisiwa, nikakudanganya."

Papa Édouard alikunja ngumi, akaikunjua. Koko aliuliza neno moja tu.

"Ule muti, utautambua?"

"Sijui, Koko."

Papa Youssouf aliwavusha. Koko alikaa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, Papa Édouard akaisukuma, msalaba ukiwa begani. Mafiga waliyakuta, lakini miti ilikuwa mingi na yote ilifanana. Divine alipita mti kwa mti akipapasa mashina, machozi yakimziba macho. Itakuwaje asipouona? Halafu vidole vyake vikagusa kidonda kibichi katika gome, kile alichokichimba mwenyewe kwa jiwe.

"Ni hapa," alisema.

Koko aliteremshwa, akaketi chini, akaweka viganja vyake juu ya udongo. "Mwana wangu, nimechelewa," alisema, akalia sana. Hakuna aliyemnyamazisha. Papa Édouard alisimika msalaba.

Baadaye Koko alimwita Divine karibu.

"Ulizani kitu chenye hakina muntu karibu hakina mwenyewe. Kila kitu iko na mwenyewe, hata kama amelala. Lakini kengele si njo iliniuma. Uongo wako ulimuzika mutoto wangu mara ya pili, na mara ile sikuwa hata na kaburi ya kulilia. Kweli useme mapema, mwana, ikingali nyepesi kubeba."

"Nimesikia, Koko. Unisamehe."

Koko aliomba kengele. Aliipiga mara moja, ikalia na kukwaruza, naye akageuza uso kuelekea kijia walichopita. Alisikiliza kwa muda. Hakuna aliyekuja.

"Sasa funga," alisema.

Divine aliifunga pale pale kwa waya mpya, akiulegeza kidogo ili mti upate nafasi ya kunenepa.