Vikaratasi vya Mama Povu

Mama Povu alifua mashuka ya nyumba ya wageni. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu povu lilimfuata hadi nyumbani, nyuma ya masikio. Chumba cha kufulia kilijaa mvuke kutwa nzima. Ukiingia, ungedhani umeingia ndani ya wingu. Watu walitokea humo polepole, kichwa kwanza, kisha wakapotea tena. Kwa macho palipendeza. Kwa kifua chake palikuwa balaa tupu, maana alikohoa asubuhi na jioni.

Siku moja msimamizi alisema, "Stoo ya mashuka inataka mtunzaji. Ajue kuandika vikaratasi vya mafungu kwa Kiingereza. Ijumaa nitawapima."

Stoo ilikuwa kavu, tena ina dirisha. Jamani, Mama Povu aliitaka stoo ile!

Akaanza mazoezi. Kila fungu la mashuka aliliandikia "cleaned". Mpiga pasi, mzee mcheshi aliyewahi kusoma masomo ya jioni, alisoma akacheka.

"Mbona yote 'cleaned', dada?"

"Ni refu kuliko 'clean'. Nikiandika fupi watasema sikusoma."

"Lo! Maneno yanauzwa kwa mita siku hizi?" Aliweka pasi chini. "Sikiliza. 'Clean' ni hali: shuka ni safi. 'Cleaned' na 'washed' ni kazi iliyofanywa: limesafishwa, limefuliwa. Jiulize, nasema lilivyo, au nasema lilivyofanywa? Ukitaka kuongeza 'na fulani', chukua neno la kazi. Haya, mlango uko wazi?"

"'Open'."

"Umefunguliwa na mlinzi?"

"'Opened'. Lakini si yale yale?"

"Wewe mfuaji unaniuliza mimi? Kila kilichofuliwa ni safi?"

Mama Povu alirudi kwenye beseni lake.

Mchana alisinzia chini ya kamba za kuanikia. Mashuka yalipepea juu yake, akaota yanaongea kwa sauti laini. "Mimi ni kavu," lilisema moja. "Mimi nimekaushwa na jua," lilisema jingine. Aliamka anatabasamu, upepo usoni.

Ijumaa ikafika. Msimamizi aliwaita mmoja mmoja. Mama Povu alikuta mezani kikaratasi kitupu na fungu la mashuka, akalitambua mara moja. Alilifua mwenyewe juzi. Akafungua shuka la juu, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha, kama alivyozoea. Katikati palikuwa na doa la kahawa, hafifu sana.

Akiandika "clean", nani atajua? Asipoandika, anakiri kwamba alifua vibaya, na stoo imekwenda. Alikohoa. Akaandika "washed".

"Kwa nini si 'clean'?" aliuliza msimamizi.

"Yamefuliwa na mimi, msimamizi. Safi, bado."

Msimamizi alilichukua shuka, akaliinua naye kwenye mwanga.

"Wenzako wote wameandika 'clean'," alisema. "Hakuna aliyelikunjua. Mgeni angelala juu ya doa hili." Akamkabidhi ufunguo. "Lakini kwanza kalifue tena!"

Jumatatu Mama Povu alisimama katika stoo yake, kati ya mashuka meupe. Akasukuma dirisha. Akavuta pumzi ndefu, ikaingia yote, bila kikohozi. Machozi yakamtoka.

Mpiga pasi alipaza sauti kutoka ndani ya mvuke, "Dada, dirisha liko wazi?"

"Limefunguliwa!" alijibu. "Limefunguliwa na mimi!"