Blanketi la Ghorofa ya Nne

"Maji hayapandi pale."

Mama mmoja aliyekuja kuchukua sare ya mwanawe aliniachia maneno hayo mlangoni, akaenda zake. Mimi nikabaki na mkasi mkononi. Tangu hapo nikikata kitambaa nayasikia, nikipika nayasikia, nikijilaza nayasikia.

Pale alipopasema ni lile jengo la manjano nyuma ya kituo cha zamani cha mabasi. Sisi, yaani mimi mshona sare, mume wangu seremala na binti yetu, tulitaka kununua fleti kuukuu katika ghorofa yake ya nne. Mtaa ule zamani ulikuwa wa mafundi viatu na wauza vipuri. Siku hizi kila ukipita unakuta ukuta umevunjwa, vioo vimewekwa, bei imepaa. Akiba yetu ya miaka yote ilitosha fleti ile na si nyingine. Tukichelewa, inatuponyoka. Tukikosea, tunabaki palepale kwenye chumba chetu cha kupanga, cherehani huku, kitanda kule, na mtoto anaandikia juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Binti yetu tunamwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika. Akitoka shule anaanza kusimulia akiwa bado barabarani, akifika mlangoni habari iko katikati.

Siku tulipokwenda kuiona fleti, dalali alitupokea chini kabisa ya ngazi. "Karibu shemeji, karibu sana," aliniambia, kana kwamba amelelewa nyumba moja na mume wangu. Juu tulimkuta mwenye fleti, bibi mmoja nesi mstaafu, ambaye alikuwa ameshahamia kwa mwanawe.

"Shikamoo bibi," alisema Chiriku.

"Marahaba, mjukuu wangu. Pita uone."

Kabla hatujauliza lolote, dalali alikwenda moja kwa moja jikoni akafungua bomba. Maji yakatoka kwa nguvu mpaka yakamlowesha tai yake ya shingoni. "Shemeji, umeona? Watu wanasema mengi huko nje."

Chiriku yeye alikwishakimbilia chumba kidogo chenye dirisha la uani. Alisimama katikati, akanyoosha mikono pande zote mbili, haikugusa ukuta. "Hiki changu," akasema.

Ajabu ni kwamba njia nzima ya kurudi hakutamka neno.

"Leo chiriku wetu kameza nini?" aliuliza baba yake.

"Nimechoka tu, baba."

"Tukifika ulale," nikamwambia.

Dalali hakutupa nafasi ya kupumua. Kila siku anapiga simu. "Kuna mteja mwingine ana haraka. Jumamosi msipoleta malipo, msije mkanilaumu." Mume wangu naye alichoka na wasiwasi wangu. "Mama Chiriku, maji tumeyaona kwa macho. Unaamini maneno ya mlangoni kuliko bomba?" Tukakubaliana kulipa.

Ijumaa alasiri Chiriku alirudi kutoka shule, akaketi chini karibu na cherehani, akawa anaokota pini zilizodondoka. Anaokota, anazirudisha chini, anaokota tena.

"Mama, mvua ikinyesha inaweza kulowesha ngazi za ndani?"

"Ngazi zenye paa? Mvua itapita wapi?"

Akaokota pini nyingine. Halafu akasema polepole, "Na siku ile wala haikunyesha."

Nilisimamisha cherehani. "Chiriku, sema yote."

Akasema. Siku ile ngazi za lile jengo zilikuwa zimelowa, matone yanafuatana kutoka chini hadi kwenye mlango wa paa, pale lilipo tangi. Yeye aliyekuwa nyuma yetu aliwaona vijana wamejibanza kwenye kona na madumu matupu. Mmoja wao akaweka kidole mdomoni mwake, kumwashiria anyamaze.

"Mbona hukuniambia siku ileile?"

"Nilikuwa nimeshakipenda kile chumba." Machozi yakamtoka. "Nilijua nikisema tu, kinaondoka."

Nilitaka kufoka, lakini nikameza maneno yangu. Mtoto amebeba mzigo ule siku zote hizo akaja kuutua mwenyewe. "Umechelewa," nikamwambia, "ila hujachelewa kabisa. Bado hatujalipa."

Mume wangu aliposikia alitoa penseli sikioni akaanza kuitafuna. "Sasa tutajuaje? Ukimuuliza dalali, atakuapia mpaka na mama yake mzazi."

"Hatumuulizi kitu," nikasema. "Tunakwenda kufua."

Jumamosi tulifika na furushi: mapazia, nguo za kazi za mume wangu zilizojaa vumbi la mbao, na blanketi letu kubwa. Dalali aliliangalia furushi, akacheka. "Shemeji, ndiyo mnahamia kabisa? Malipo kwanza."

"Hatuhamii. Nguo kabla sijanunua naijaribu, na nyumba nataka kuijaribu."

"Wateja huwa wanaangalia tu. Hakuna anayefua."

"Basi mimi nitakuwa wa kwanza."

Akamtazama bibi ili amsaidie. Bibi akainamisha kichwa. "Mwache afue," akasema.

Beseni la kwanza lilijaa haraka, mapazia yakatoka safi. Dalali akaanza kutabasamu. Zikafuata nguo za kazi, mara ya kwanza maji meusi, mara ya pili maji ya kahawia. Kisha nikalitia blanketi. Nyote mnajua blanketi linavyokunywa maji. Nilipolipaka sabuni likatoa povu mpaka viwiko, nikafungua bomba nisuuze. Bomba likakohoa. Likatema kidogo. Likanyamaza.

"Ni leo tu," dalali alisema haraka. "Watu wa maji wanatengeneza bomba kubwa huko barabarani."

"Siyo leo tu." Alikuwa Chiriku. "Siku ile niliwaona vijana wa madumu. Ngazi zilikuwa zimelowa mpaka juu."

Dalali akatoa simu yake akaitazama, ingawa haikuwa imelia. Bibi akakaa juu ya kigoda.

"Mtoto amesema kweli," akasema. "Pampu ya chini iliungua. Wa chini wanapata maji, wakasema shida si yao. Sisi wa juu tukashindwa peke yetu. Mimi nimehama kwa sababu ya magoti, nimebeba ndoo nimechoka. Dalali huyu akaniambia nikisema ukweli, sitauza, akawalipa vijana wajaze tangi kwa madumu."

Mume wangu akamgeukia. "Bibi, fleti tunaitaka. Kudanganywa ndiko hatukutaki. Funga pampu mpya kwanza, tuandikishane mbele ya mwanasheria. Maji yakipanda yenyewe bila dumu, tunalipa."

"Na yule mteja mwingine je?" dalali akauliza.

"Mlete," nikasema. "Ashike upande ule wa blanketi, tukamue."

Bibi alicheka mpaka akajifuta macho. Dalali akaaga, akashuka.

Sisi tulishuka na blanketi la povu, linadondoka kila ngazi, na milango ikawa inafunguka. Mama mmoja wa ghorofa ya kwanza akatuita tusuuze kwake. Kulisuuza kulichukua muda, na kadiri maji yalivyotiririka ndivyo majirani walivyojaa mlangoni kusikiliza kisa cha pampu, na wa chini wakaona haya. Blanketi lilipotoka safi, wa chini kwa wa juu walikuwa wameshakubaliana kumsaidia bibi kununua pampu.

Siku fundi bomba alipoiwasha, tulisimama jikoni kimya. Tukasikia sauti kutoka ghorofa ya pili: "Kwangu yamefika." Jirani yake akaitikia, "Na kwangu." Wa ghorofa ya tatu wakapiga sufuria. Chiriku alikuwa ameweka viganja chini ya bomba. Likakohoa, likatema, kisha maji yakamwagika mpaka yakamlowesha kifua. "Mama, yamefika!" alipiga kelele, na jengo zima likamsikia.

Baada ya kulipa, bibi hakunipa mimi ufunguo. Alimpa Chiriku. "Mimi mtu mzima nilinyamaza kwa sababu nilitaka kuuza," alimwambia. "Wewe ulinyamaza kwa sababu ulitaka chumba. Lakini wewe ndiye uliyesema kabla yangu. Ukitaka kitu kwa roho yote, hapo ndipo useme kweli, maana ukweli ndio utakaokuachia kitu hicho kwa amani. Shika."

Sasa anaandikia mezani, mbele ya dirisha la uani, na mdomo umerudi kazini.

Ninyi mnaosoma haya, wasomeeni na wazazi wenu yafuatayo:

Usinunue nyumba kwa kuitazama mara moja, tena kwa saa aliyoipanga dalali.

Usiridhike na bomba lililofunguliwa na anayekuuzia. Fungua mwenyewe, na uliache wazi.

Usiogope kuchekwa na furushi lako.

Usikimbizwe na mteja mwingine ambaye hujamwona.

Usilipe kabla ya kuandikishana.

Usipuuze ngazi iliyolowa siku ya jua.

Usifiche ulichokiona kwa sababu umeshapenda chumba.

Na wewe mzazi, mtoto msemaji akinyamaza ghafla, usimwambie alale.