Ini Ndani ya Shingo

Asubuhi ile maji ya beseni yalinuka tope la ziwa. Jovithe aliinama, akanusa tena, akajiambia ni mabomba ya mji huu tu, maana tangu uhuru kila kilichoharibika Bujumbura kilikuwa na sababu na hakuna aliyeijua. Akaendelea na kazi.

Kazi yake pale hospitalini ilikuwa kukata nyama za wagonjwa. Kipande hugandishwa ndani ya nta, mashine hukichana matabaka membamba kama ganda la kitunguu, tabaka huelea kwenye maji ya vuguvugu, naye huliopoa kwa kioo na kulitia rangi ili daktari alisome kwa hadubini. Kati ya mgonjwa na mgonjwa, maji humwagwa. Siku hiyo hakuyamwaga. Alikuwa amemaliza ini la Népomuscène, mkulima wa Ruziba aliyeopolewa ziwani akiwa maiti, na kilichofuata kilikuwa kipande cha uvimbe wa shingoni mwa mdogo wake mwenyewe, Léocadie. Roho ilikuwa juu juu. Alitaka kujua kama ni saratani.

“Si saratani,” daktari alisema, jicho likiwa kwenye hadubini. Kisha akacheka. “Lakini mudogo wako ana ini mu shingo. Ulisahau kubadilisha maji, Jovithe.”

Alitazama mwenyewe. Kweli, kipande kidogo cha ini kilikuwa kimenata ukingoni mwa nyama ya Léocadie. Mchana akatazama tena, na ini lilikuwa limeingia ndani. Nyama iliyotiwa rangi haitembei. Jovithe alishika rozari mfukoni.

Jioni, nyumbani, chumba cha Léocadie kilinuka tope lile lile. Kilikuwa kiangazi kikali, lakini nywele zake zilichuruzika maji hadi kwenye mto, na sauti iliyomtoka ilikuwa nzito, ya mwanaume.

“Munirudishe kwetu,” ilisema.

Ndipo Jovithe alipomkumbuka mama yake Népomuscène, aliyesimama kwenye mlango wa maabara akiomba kwa sauti ya chini: “Munipe mwana wangu muzima. Mule ndani yake kuna jini. Kipande kikibaki, atatafuta nyumba ingine.” Walimpa maiti, ini wakalibakiza.

Kulipokucha alikimbilia Buyenzi, kwa Maalimu Chabani, mtoa majini. Mzee alimsikiliza bila kumkatiza.

“Ukwangue hiyo ini, mutoto wangu, tuifukie kwa kaburi yake,” alinong'ona. “Lakini usichukue hata chembe ya mudogo wako. Ukimuzika yeye pale, umemupa jini mukononi.”

Jovithe alirudi maabara. Alitazama kwa hadubini: ini lilikuwa kushoto, karibu kufika katikati. Alikitoa kioo, na kwa wembe akakwangua upande wa kushoto taratibu mpaka kioo kikang'aa. Alichokwangua alikifunga kwenye pamba, akachukua na nta yote iliyobaki na ini la marehemu. Mchana wakaenda Ruziba, Maalimu akafukiza ubani na kusoma dua, wakafukia, na harufu ya tope ikakatika pale pale. Mama wa marehemu alilia kwa shukrani. Jovithe naye alilia, kwa furaha, maana mwili wote ulikuwa mwepesi.

Alipitia maabara kabla ya kwenda nyumbani, akatie macho tu kwenye kioo kilichosafika, lakini alipoinamia hadubini ini lilikuwa bado lipo, zima, sasa katikati kabisa, na palipokuwa patupu ni mahali pa nyama ya Léocadie, na hapo akakumbuka lile ambalo kila fundi wa maabara hufundishwa siku ya kwanza na ambalo woga ulikuwa umemfutia kichwani, kwamba hadubini hupindua picha, ukionacho kushoto, kwenye kioo kiko kulia, na kwamba kilicholala chini ya udongo wa Ruziba, kwa mkono wake mwenyewe na kwa dua, kilikuwa shingo ya mdogo wake.

Mlango ulifunguka. Léocadie alikuwa amekuja kwa miguu, amevaa vizuri, nywele kavu.

“Yaya,” alisema, kama alivyomwita mkubwa wake siku zote, kwa sauti yake mwenyewe, ile laini ya kuimbia kanisani, “mi nimepona. Nisindikize kwetu Ruziba, mama ananingojea.”

Mama yao walikuwa wamemzika Bukavu, kabla hawajavuka mpaka kuja Bujumbura.