Njia Isiyoota Nyasi

Bibi yangu Neli alinisimulia habari hii akipepeta mchele, bila kuinua macho. Kila alipoirudia hakuongeza neno wala kupunguza.

Mwaka mmoja kabla ya vita vya Wajerumani na Waingereza, mumewe Ambilikile alihamishwa kutoka Rungwe kuja Mwaya, bandari ya Ziwa Nyasa, awe karani wa forodha. Alikuja na mkewe, vyombo vichache, na baiskeli aliyoachiwa na mmisionari aliyerudi kwao. Baiskeli hiyo ndiyo iliyowachagulia mahali pa kuishi.

Walizunguka mchana kutwa. Ufukweni, kwa wafinyanzi wa Kikisi, mchanga ulimeza magurudumu. Kwenye migomba kulikuwa na mifereji na tope la ng'ombe. Neli alichoka, akawa tayari kulala popote. Ndipo wakaiona nyumba tupu mwinukoni, na mbele yake njia iliyonyooka hadi bandarini, ngumu kama sakafu. Haikuwa na hata unyasi mmoja.

"Hapa hapa," alisema Ambilikile.

Mama mmoja mfinyanzi, Angetile, alikuwa akipita na chungu kichwani. Alikanyaga majani marefu ya pembeni, njia akaiacha.

"Mama, mbona hupiti pazuri?" Neli alimuuliza.

"Hapo pana wenyewe," alijibu, asisimame.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa raha. Ambilikile alikwenda kazini na kurudi viatu vikavu. Kisha alasiri moja, jua likiwaka, alisikia mtu nyuma yake akihema.

"Ndugu, nipokee."

Ambilikile alikuwa amechoka. Hakugeuka. Alijibu kama mtu aliyelelewa vizuri: "Haya, weka."

Keria ililia. Baiskeli ikadidimia.

"Ndaga," sauti ilishukuru.

Akageuka. Njia ilikuwa tupu hadi ziwani.

Kesho yake walikuwa wawili. Kesho kutwa hakuweza kuwahesabu. Hakuwajibu tena, lakini waliweka tu. Akawa anafika nyumbani akiikokota baiskeli, shati limemganda mwilini, anaanguka kitandani bila kula. Asubuhi moja Neli alitaka kuisogeza pale ilipoegemea ukuta. Haikusogea. Keria haikuwa na kitu.

"Baba, tuhame," alimnong'oneza mumewe.

"Nimechoka mno kuhama."

Neli akashuka ufukweni kwa Angetile. Yule mama aliendelea kulainisha udongo, akasema taratibu:

"Ile njia iligandamizwa na wapagazi, mwanangu. Walipitishwa hapo na mizigo ya wazungu, mvua na jua. Aliyeanguka alizikwa alipoangukia, na mzigo wake akapewa wa nyuma yake. Wale hawajaambiwa kuwa safari imekwisha."

Neli hakungoja kuaga. Alipanda mwinuko mbio.

Alimwona mumewe kwa mbali, akisukuma. Kichwa kimeinama hadi kwenye usukani. Magurudumu yalichimba mfereji katika ardhi ile ngumu. Nyuma yake vumbi lilipanda kwa mstari mrefu, kama linavyopanda miguuni pa watu. Hapakuwa na miguu.

Alisikia kuhema. Vifua vingi. Pamoja.

Ambilikile akapiga magoti.

Neli alisimama katikati ya njia. Akainua mikono yote miwili.

"Tueni!" alilia. "Baba zangu, mmefika! Tueni!"



Kisha kishindo. Kingine. Kingine. Mizigo ilianguka mmoja baada ya mwingine, kuanzia kwa Ambilikile kwenda nyuma, mbali, hadi kishindo cha mwisho kikasikika upande wa ziwa. Ardhi ilitikisika chini ya nyayo za Neli. Halafu ukapita upepo mmoja mrefu, kama watu wengi wanaoshusha pumzi.

Jioni ileile walihamia mchangani, jirani na Angetile. Ambilikile alilala siku mbili. Neli alipomvua shati amkande maji ya moto, alikuta kwenye bega la kulia sugu nene, nyeusi, iliyopasuka kama kisigino. Sugu ya mtu aliyebeba mizigo miaka na miaka. Ambilikile alikuwa karani tangu ujana wake.

Babu alifariki akiwa mzee sana. Mimi na mjomba Eliud ndio tuliomwosha. Mwili wote ulikuwa umeshakuwa baridi. Nilipopitisha mkono juu ya ile sugu, ilikuwa ya moto, na ilikuwa ikitoa jasho.